Bingwa Asiye na wa Kumsumbua Nyumbani: Marco Vasconcelos na Badminton ya Ureno

Agosti 2016, katika ukumbi namba 4 wa Riocentro jijini Rio de Janeiro, Ureno ilikuwa na majina mawili kwenye ratiba ya badminton ya Olimpiki: Pedro Martins upande wa wanaume na Telma Santos upande wa wanawake. Mreno wa tatu naye alikuwemo ukumbini, ila hakuja kwa ajili ya Ureno. Marco Vasconcelos alikuwa kocha wa wenyeji, Brazil, na kijana aliyekuwa akimnoa, Ygor Coelho, alikuwa na miaka 19.

Mhadhara huu unamhusu Vasconcelos. Hana medali ya Olimpiki wala hakuwahi kuikaribia. Pengine hata Wareno wengi, taifa linalowajua wanasoka Eusébio na Cristiano Ronaldo kuliko linavyowajua majirani zake, wangepishana naye barabarani bila kugeuka. Hiyo ndiyo sababu ya kumchagua. Mabingwa wameshaandikwa na wataendelea kuandikwa. Huyu anatupa swali gumu zaidi: mtu anaufanyaje mchezo wa kimataifa kuwa kazi yake, wakati nyumbani kwake hakuna wa kumfunga?

Alizaliwa mwaka 1971, na ni mtu wa Madeira, kile kisiwa cha Ureno kilichoko Atlantiki, karibu zaidi na Moroko kuliko Lisbon. Wageni hukijua kwa mvinyo wake, na wapenda soka hukijua kwa Ronaldo. Wasichokijua ni kwamba kisiwa hicho kimelea wachezaji wazuri wa mpira wa vinyoya, yaani badminton, kupita ukubwa wake. Ana Moura, aliyeiwakilisha Ureno Beijing mwaka 2008, naye ni wa huko huko. Vasconcelos alitwaa ubingwa wa taifa mara nyingi, kisha akacheza Olimpiki tatu mfululizo: Sydney 2000, Athens 2004 na Beijing 2008. Alipoingia uwanjani Beijing alikuwa na miaka 36, umri ambao wachezaji wengi wa mmoja kwa mmoja wameshatundika raketi zao kitambo.

Olimpiki tatu. Kwa nchi kama Indonesia au China, sentensi hiyo ingefuatwa mara moja na hesabu ya medali. Kwa Ureno, sentensi yenyewe ndiyo tuzo, na kuna sababu.

Badminton iliingizwa rasmi kwenye Olimpiki mwaka 1992 kule Barcelona, baada ya kuonyeshwa tu Munich mwaka 1972 na Seoul mwaka 1988. Tangu mwanzo nafasi za mmoja kwa mmoja zimekuwa chache, na hugawanywa hasa kwa orodha ya viwango vya dunia. Mchezaji wa nchi isiyo na jina hana njia ya mkato. Ana takriban mwaka mzima wa kukusanya pointi, naye huzikusanya mashindano kwa mashindano, uwanja wa ndege kwa uwanja wa ndege. Akiteleza miezi miwili kwa jeraha la kifundo cha mguu, mtu wa Slovenia au wa Guatemala anamruka. Ndiyo maana kwa wachezaji wa aina hii fainali halisi haichezwi Olimpiki. Huchezwa kwenye kumbi nusu tupu za Ulaya mwezi Machi, mbele ya wazazi, waamuzi na wachezaji wengine wanaosubiri zamu.

Na fedha? Shirikisho la dunia lilipopanga upya mashindano yake mwaka 2007, ngazi wanazoanzia watu kama hawa ziliwekewa kiwango cha chini cha zawadi: dola 15,000 kwa mashindano ya ngazi ya Challenge, na dola 5,000 kwa yale ya ngazi ya Series chini yake. Hizo ni fedha za mashindano yote, si za mshindi mmoja. Hugawanywa kwa vitengo vitano: wanaume, wanawake, wanaume wawili wawili, wanawake wawili wawili, na mchanganyiko. Anayefika robo fainali hupata kitu cha kulipia chakula cha jioni, labda na tiketi ya treni. Hoteli, ndege na kocha humtoka mfukoni, au humtoka shirikisho lake, ikiwa shirikisho linacho. Hata vinyoya vyenyewe ni gharama. Kile cha mashindano hutengenezwa kwa manyoya 16, kwa kawaida ya bata bukini, yaliyochomekwa kwenye kichwa cha gome, na uzito wake haufiki gramu sita. Smashi moja nzuri huvunja unyoya mmoja, kinyoya kinaanza kuyumba hewani, na mchezaji anaomba kingine. Asubuhi moja ya mazoezi makali inaweza kumaliza kopo zima.

Afrika Mashariki ina mtu wake katika hadithi hii. Kwenye mashindano yale yale ya wanaume ya Beijing 2008, Vasconcelos akiwa na bendera ya Ureno, Edwin Ekiring aliingia uwanjani na bendera ya Uganda, Mganda wa kwanza kucheza badminton kwenye Olimpiki. Alirudi tena London mwaka 2012, safari hii akiwa ukumbi mmoja na Pedro Martins. Mreno na Mganda walikuwa wanapanda ngazi moja kwa shida zinazofanana, japo Mreno alikuwa na bahati ya kuzungukwa na mashindano yanayofikika kwa gari. Leo mwendo huo umepata na njia ya kurudi: mashindano ya kimataifa ya Kampala huvuta wachezaji wa Ulaya wanaosaka pointi walizozikosa kwao. Ni Wazungu wa daraja la kati, wanaotua Entebbe na begi la raketi na kikokotoo.

Turudi kwa Vasconcelos, kwenye jambo ambalo wasifu mfupi huliruka. Sydney na Athens alicheza badminton ya namna moja, na Beijing ya namna nyingine kabisa.

Hadi mwaka 2006, wanaume walicheza hadi pointi 15, na aliyepata pointi ni yule tu aliyeanzisha mpira. Mpokeaji akishinda, hakuongeza kitu kwenye ubao. Alichukua haki ya kuanzisha, basi. Mfumo huo ulimpa nafasi mchezaji mvumilivu. Uliweza kuwa nyuma 3 kwa 12 na bado ukavuta mchezo kwa nusu saa, ukimnyima mwenzako pointi moja moja, hadi mapafu yake yakakusaidia. Mwaka 2006 shirikisho likaamua kila mpira ulete pointi, bila kujali nani ameanzisha, na mchezo uishe kwa 21. Televisheni ilifurahi, kwa kuwa mechi sasa zilitabirika muda wake. Wachezaji walilazimika kujifunza upya. Kosa ambalo zamani lilikugharimu zamu, sasa lilikuwa pointi kwenye ubao wa adui. Kijana anayeanza kwa kasi alifaidika. Mtu aliyejenga mchezo wake kwa miaka kumi na tano juu ya subira, akiwa na miaka 34, aliambiwa sarafu yake imebadilishwa. Na bado Vasconcelos alifuzu Beijing chini ya sheria mpya. Katika mambo yote aliyofanya na raketi mkononi, hili linastahili kuhesabiwa la kwanza, hata mbele ya vikombe vya nyumbani.

Kuna ukali mwingine wa zama hizo. Katika Olimpiki zake zote tatu mashindano ya mmoja kwa mmoja yalikuwa ya mtoano tangu mechi ya kwanza. Ukifungwa, unafunga begi. Makundi yalianza London 2012, na tangu hapo hata mchezaji wa mwisho kwenye orodha anaweza kupata mechi mbili. Ji Xinpeng alitwaa dhahabu Sydney, Taufik Hidayat Athens, Lin Dan Beijing. Kati ya hao na wachezaji wa Ureno palikuwa na umbali ambao jitihada ya mtu mmoja haiwezi kuufuta.

Umbali huo unatoka wapi? Jibu la haraka ni udogo wa nchi, na si la kweli. Ureno ina watu milioni 10 na ushei. Denmark ina takriban milioni sita tu, lakini imetwaa dhahabu ya wanaume mmoja kwa mmoja mara tatu: Poul-Erik Høyer Atlanta 1996, kisha Viktor Axelsen Tokyo na Paris. Denmark ilikuwa miongoni mwa nchi zilizounda shirikisho la dunia mwaka 1934. Ureno ilianzisha la kwake miaka 20 baadaye, 1954. Tofauti kubwa, hata hivyo, haiko kwenye tarehe. Iko kwenye klabu. Mtoto wa Denmark anaingia ukumbi wa mtaa wake, na jioni ile ile anakutana na mkubwa wake kwa miaka mitatu anayemfunga, na ng'ambo ya wavu wa pili yuko mwingine anayemfunga huyo. Akipanda, kuna mwingine juu yake. Hamalizi ngazi. Katika Ureno ngazi ilikuwa na vidato vichache, na Vasconcelos alifika juu mapema.

Kuwa bora kupita wote walio karibu nawe ni raha ya wiki mbili, baada ya hapo ni ugonjwa. Mcheza bao anayewafunga wote barazani kwake kila jioni huacha kufikiri kete tatu mbele, kwa kuwa hana haja. Kwenye badminton madhara huonekana miguuni. Mchezaji anayefanya mazoezi na watu dhaifu huzoea kupata muda: hatua moja ya ziada kabla ya kugeuka, nusu pumzi kabla ya kuinua raketi. Akisafiri na kukutana na mtu wa Malaysia, muda ule haupo. Kinyoya kimeshapita.

Ureno ililijua hili, na imelifanyia kazi. Caldas da Rainha, mji ulioko kaskazini ya Lisbon, una kituo cha taifa cha mazoezi ya badminton cha kiwango cha juu. Ni jengo la aina ambayo Vasconcelos hakuwa nayo alipokuwa kijana. Lakini jengo halimfungi mtu. Bado anahitajika mtu ng'ambo ya wavu.

Hapa ndipo mto Guadiana unapoingia kwenye mhadhara. Mto huo ndio mpaka wa kusini kati ya Ureno na Hispania. Upande wa magharibi kuna Algarve, alikotoka Pedro Martins, aliyezaliwa mwaka 1990 na aliyecheza London na Rio. Upande wa mashariki, chini ya mwendo wa saa moja kwa gari kutoka mpakani, kuna mji wa Huelva. Huko alizaliwa Carolina Marín mwaka 1993. Jua ni lile lile, soka ni ile ile, na Hispania ya wakati huo ilikuwa masikini wa badminton kama Ureno. Msichana alikuwa akicheza flamenko hadi rafiki yake alipomwita ukumbini. Klabu ilikuwa ya shule ya mtaani, La Orden. Mtu aliyeangalia ramani ya badminton mwaka 2005 asingeona tofauti yoyote kati ya ng'ambo hizi mbili.

Tofauti ilianza mwaka 2007, Marín akiwa na miaka 14. Kocha Fernando Rivas alimchukua Madrid, kwenye kituo cha wanamichezo wa taifa, na kazi ya badminton ya kituo kile ikapangwa kumzunguka yeye. Kwa kuwa Hispania haikuwa na mwanamke wa kumfunga, akapewa wanaume. Alifanya mazoezi na wavulana wenye nguvu na kasi kupita yeyote ambaye angekutana naye kwenye mashindano ya wanawake. Walimrushia vinyoya vingi mfululizo, kimoja hakijatua kingine kiko hewani, ili ule muda wa ziada wa nyumbani ufutwe kabla haujawa mazoea. Walimfundisha hata kupiga kelele. Kila pointi Marín alilia kama aliyeshinda vita, na wapinzani wengi walilalamika. Si tabia ya kuzaliwa nayo. Ilikuwa sehemu ya kazi.

London 2012 alitolewa kwenye makundi na Li Xuerui wa China, aliyeondoka na dhahabu. Miaka miwili baadaye, Agosti 2014, wakakutana tena Copenhagen kwenye fainali ya ubingwa wa dunia. Marín alipoteza mchezo wa kwanza 17-21, akashinda wa pili 21-17, na wa tatu 21-18. Alikuwa na miaka 21. Akarudia Jakarta 2015 mbele ya Saina Nehwal wa India, na Nanjing 2018 mbele ya P. V. Sindhu. Rio 2016, katika ukumbi ule ule ambamo Vasconcelos alikuwa akikaa kiti cha kocha, alimfunga Sindhu 19-21, 21-12, 21-15 na kuwa mwanamke wa kwanza asiye wa Asia kutwaa dhahabu ya mmoja kwa mmoja.

Magoti yake ndiyo yaliyoandika sura zilizofuata. Januari 2019, Jakarta, akiongoza 10-4 kwenye fainali dhidi ya Nehwal, goti la kulia lilikatika kano. Mwaka 2021, miezi michache kabla ya Tokyo, likafuata la kushoto. Alirudi mara zote mbili. Machi 2024 alitwaa kombe la All England kwa mara ya pili, miaka tisa baada ya lile la kwanza. Kisha Paris, nusu fainali ya tarehe 4 Agosti, dhidi ya He Bingjiao: alishinda mchezo wa kwanza 21-14 na alikuwa mbele kwenye wa pili goti la kulia lilipomsaliti tena. Alivaa kifunga goti, akajaribu kuendelea, akapoteza pointi mbili, akaketi chini na kulia. Ubao ulisoma 10-8, bado kwa faida yake. He Bingjiao, aliyetwaa fedha, alipanda jukwaani na beji ya Hispania mkononi.

Msikilizaji anaweza kuuliza: je, Marín amethibitisha kwamba mtu mmoja anatosha? Kinyume chake. Amethibitisha ni watu wangapi wanahitajika nyuma ya mtu mmoja: kocha asiye na kazi nyingine, vijana wa kiume walioacha kujijenga wenyewe ili wamjenge yeye, daktari, mchambuzi wa video, na serikali iliyokubali kulipa kabla haijaona kikombe. Ureno ilimpata Vasconcelos mwenye ari ya Olimpiki tatu. Kundi la kumzunguka halikuwepo. Kumpima kwa medali ni kumpima kwa kitu ambacho hakuwekewa mezani.

Sasa uamuzi wake wa kuvuka Atlantiki unaeleweka vizuri zaidi. Brazil ilikuwa imepewa Olimpiki ya 2016, na mwenyeji hupata nafasi ya kuingiza wachezaji, lakini haikuwahi kuwa na mchezaji hata mmoja wa badminton kwenye michezo hiyo. Ilihitaji mtu anayejua barabara nzima kutoka nchi isiyo na badminton hadi Olimpiki. Lugha ni moja. Na mtu aliyeipita barabara hiyo mara tatu hakuwa mbali kutafutwa.

Alichokikuta kina utajiri wake. Ygor Coelho alikulia Chacrinha, mtaa wa mabanda wa magharibi mwa Rio. Baba yake, Sebastião de Oliveira, alikuwa ameanzisha huko mradi wa watoto uitwao Miratus, akajenga ukumbi, na kwa kukosa walimu wa miguu akatumia ngoma ya samba. Watoto walijifunza kuhama pembe hadi pembe ya uwanja kwa kufuata mdundo. Lohaynny Vicente, msichana aliyekuja kuwa mwakilishi wa Brazil upande wa wanawake mwaka 2016, alitoka kwenye ukumbi huo huo. Kitu alichokikosa Vasconcelos ujanani, kundi la rika moja linalofungana kila siku, lilikuwa tayari katikati ya mtaa wa masikini, limejengwa na mtu asiye na cheo chochote.

Rio, Coelho hakuvuka kundi lake. Ila alimnyang'anya Scott Evans wa Ireland, mtu mzoefu, mchezo mmoja kati ya mitatu, na ukumbi ulipiga kelele za soka. Baada ya hapo kijana alikwenda kuishi na kufanya mazoezi Denmark, kule kwenye ngazi isiyokwisha. Mwaka 2019 Lima alitwaa dhahabu ya wanaume kwenye Michezo ya Mabara ya Amerika, ya kwanza kwa Brazil katika badminton.

Tokyo, mwaka 2021, Ureno haikuwa na mchezaji wa badminton. Paris, mwaka 2024, haikuwa naye tena. Brazil ilikuwepo kote kuwili, bila hisani ya mwenyeji. Tokyo Coelho alimfunga Georges Julien Paul wa Mauritius, ushindi wa kwanza wa Brazil kwenye badminton ya Olimpiki, na Paris Juliana Viana, msichana wa Teresina huko kaskazini mashariki ya nchi, akaleta wa kwanza upande wa wanawake.